Barua ya wakala wa meli imepotelea ndani ya folda zangu. Hizi filta zinasaidia au zinaficha?

#1 Karani_Shangani

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Kampuni yetu ina ghala la korosho. Tunapokea mzigo wa vyama vya msingi, halafu tunawahudumia wanunuzi mpaka kontena linaingia bandarini. Barua pepe zote za ofisi nazipokea mimi. Msimu ukishafunguliwa Oktoba, kwa siku zinaingia zaidi ya mia: katalogi za minada, hati za malipo, ratiba za meli, vyama wanaulizia kilo zao, na matangazo ya watu nisiowajua.

Nilipokabidhiwa ofisi nilikuta filta za aliyenitangulia, nami nikaongeza zangu. Leo nina folda 43 na filta 17. Kila barua inajipeleka yenyewe. Nilijivunia sana, nasema kweli.

Novemba iliyopita wakala wa meli alituma barua kwamba siku ya mwisho ya kuingiza makontena imesogezwa nyuma kwa siku mbili. Sikuiona. Nilikuwa Tandahimba kwenye mnada, nikawa naangalia simu kila nusu saa, na haikuja kitu. Makontena mawili yakabaki nje na meli ikaondoka. Wakala ananionyesha kwamba alituma. Nimetafuta kila mahali, sijaiona mpaka leo.

Msimu mwingine unakaribia na sitaki kurudia. Nifute filta zote nirudi kusoma moja moja? Nyie mnapangaje zenu?

#2 Mmasasi_Halisi

Pole sana dada. Ila folda 43! Hata duka la vipuri pale stendi halina madroo mengi hivyo.

Mimi sina folda hata moja. Inboksi ina barua elfu tisa na ushee, na nikitaka kitu naandika jina la aliyetuma, kinakuja. Kupanga ni kazi ya pili juu ya kazi. Futa zote, utalala usingizi.

#3 FundiLigula

Mkuu #2 usimshauri afute kabla hatujajua ugonjwa. Dada, unatumia programu gani? Filta hazifanani.

Kwenye Gmail hakuna folda hasa, kuna lebo. Barua moja inaweza kubeba lebo tatu na bado ikawa ni barua ile ile moja. Ukifuta lebo, barua inabaki. Kwenye Outlook folda ni folda: barua inakaa sehemu moja, na ukifuta folda umefuta na vilivyomo. Watu wanahama kutoka huku kwenda kule na mazoea yale yale, ndipo wanapoumia.

#4 Karani_Shangani

Asante fundi. Anwani ni ya jina la kampuni, siyo Gmail. Kompyuta ya ofisi ina Thunderbird, na kwenye simu niliunganishiwa anwani hiyo hiyo. Filta zote zimetengenezwa kwenye Thunderbird ya ofisini.

#5 FundiLigula

Hapo ndipo penyewe. Sikiliza kwa makini.

Filta za Thunderbird hazikai kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayopokea na kutunza barua zenu, zinakaa kwenye kompyuta ya ofisini. Programu ikiwa imefungwa hazifanyi kazi kabisa. Ikiwa wazi, kila inapovuta barua inazichuja. Sasa angalia folda zako 43 ziko wapi. Upande wa kushoto utaona zilizo chini ya jina la anwani yenu, na chini kabisa utaona kundi la folda za ndani ya kompyuta. Filta ikihamishia barua kwenye hizi za chini, inaitoa kwenye seva na kuiweka kwenye diski ya kompyuta ile. Simu inasoma seva. Kwa hiyo barua haipo kwenye simu, hata ukisugua kioo mpaka jioni.

Siku ile uliiacha kompyuta inawaka?

#6 Karani_Shangani

Ndiyo. Haizimwi msimu mzima kwa sababu ya printa.

#7 FundiLigula

Basi kwangu jibu ni hilo. Umekaa Tandahimba unaangalia simu, huku Shangani kompyuta inazikusanya na kuzifungia kabatini. Hamishia folda chini ya jina la anwani, kwenye seva, na hakikisha akaunti ni IMAP na siyo POP. IMAP inaacha kila kitu kwenye seva, kila kifaa kinaona kilekile. POP inashusha, na kama hujaweka tiki ya kuacha nakala, seva inabaki tupu.

#8 Mikindani_Pwani

Fundi umesema vizuri ila usimalize haraka hivyo. Dada amesema ametafuta kila mahali, pamoja na kompyuta. Ingekuwa kwenye folda za ndani angeiona.

Mimi nina nyumba ya wageni Mikindani, vyumba sita. Wageni wanaokuja kupiga mbizi na kuangalia magofu wananiandikia kutoka nje. Kuna familia waliniandikia mara tatu kuomba vyumba viwili, sikujibu, wakaenda kulala kwingine. Nikaja kuwakuta sokoni wakanisimulia. Nilitafuta, sikuona. Kumbe seva ya anwani yangu ina folda yake ya taka (spam) ambayo inaonekana tu ukiingia kwa kivinjari, kwenye tovuti ya barua. Programu yangu ilikuwa ya POP, na POP inachukua inboksi peke yake, folda nyingine haizijui. Barua za wale wageni zilikuwa humo zote tatu.

Kwa hiyo dada, ingia kwa kivinjari kwanza. Na harakisha, maana taka hazikai milele. Gmail inazifuta baada ya siku 30, na seva nyingi zina utaratibu wa namna hiyo.

#9 Mmasasi_Halisi

Novemba mpaka leo siku 30 zimepita mara ngapi sijui. Kama ilikuwa huko imeshakwenda.

#10 Mikindani_Pwani

Kweli, hilo nalo. Lakini angalau ataona kama wakala yule barua zake nyingine huwa zinaangukia huko.

#11 KijanaNewala

Wakuu naona mnaongelea bahati mbaya tu. Mimi nasomea kompyuta, naomba niweke jingine ambalo siyo la kuchezea.

Mtu akishapata nywila ya barua pepe ya kampuni, mara nyingi habadilishi kitu kinachoonekana. Anaingia kwa kivinjari, anatengeneza sheria moja: barua yoyote yenye neno «malipo» au «ankara» ipelekwe kwake, halafu ifichwe kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, au ifutwe. Mwenye anwani anaona kimya. Baadaye mnunuzi anapokea barua inayofanana na yenu, ikiwa na akaunti nyingine ya benki. Ni wizi unaotokea dunia nzima, na ofisi zinazoshika fedha za usafirishaji ndizo zinazotafutwa.

Dada Karani, kwenye tovuti ya barua fungua mipangilio, soma sheria zote na anwani zote za kupeleka mbele. Ukiona usiyoijua usiifute kimyakimya. Piga picha, badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, mjulishe bosi.

#12 Karani_Shangani

Mmenitia baridi. Nimeingia sasa hivi. Hakuna sheria ya kupeleka mbele. Nywila nimebadilisha, ilikuwa ile ile tangu kabla yangu. Folda ya taka ipo, ina barua 11 za mwezi huu, hakuna ya wakala. Na akaunti ni IMAP, asante fundi kwa kunionyesha pa kuangalia.

#13 BiMasijala

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi masijala miaka 31, Lindi na wilaya zake, sasa nimestaafu. Kompyuta nilijifunzia ukubwani. Naomba niseme ninavyoliona.

Mnaongelea folda kana kwamba kazi ya masijala ni kuweka barua kwenye majalada. Hiyo ni kazi ya tatu. Ya kwanza ni kuipokea: barua inagongwa muhuri wa siku iliyofika, inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia. Ya pili ni kuionyesha kwa mwenye nayo. Halafu ndipo inapotobolewa na kupewa namba ya folio ndani ya jalada. Karani aliyeanza kwa kutia jaladani kabla ya kuandika rejista, kwetu alikuwa anafundishwa upya, na akirudia anahamishiwa kazi nyingine. Sababu ni hii iliyompata binti yetu. Barua iliyotiwa jaladani bila kusomwa ni sawa na haikufika.

Filta zenu zinaanza na hatua ya tatu.

Kwangu nyumbani nimepanga hivi. Barua zote zinabaki inboksi. Filta zangu zinapaka rangi tu: nyekundu benki, kijani wanangu, buluu kikundi chetu cha akina mama. Nikishaisoma na kuishughulikia ndipo naihamisha kwa mkono wangu. Folda ninazo sita, na sifungui mpya kama iliyopo inatosha, kama tulivyokuwa hatufungui jalada jipya kwa barua moja.

Jambo la pili ni Kumbukumbu Namba. Barua ya serikali ina Kumb. Na. juu, na anayejibu anaitaja ile ile. Binti, wafundishe wakala na vyama waandike namba ya mzigo kwenye kichwa cha habari, kila barua, bila kubadilisha. Hapo filta itafuata namba, na namba haina mafumbo kama maneno.

#14 KijanaNewala

Shikamoo mama. Hii ya rejista nimeinakili.

#15 BiMasijala

Marahaba mwanangu. Soma kwa bidii.

#16 Mhasibu_Lindi

Nakubaliana na mama kwa kampuni ndogo. Kwa barua mia kwa siku rangi peke yake haitoshi, inboksi inageuka ukuta. Mimi nahesabia kampuni tatu hapa Lindi, na tangu mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST uanze 2023 barua za zabuni ni nyingi. Napendekeza katikati: filta iondoe inboksi zile tu ambazo hata ukizisoma kesho hakuna kinachoharibika. Matangazo, majarida, taarifa za kwamba fulani ameingia kwenye mfumo. Barua ya mtu, iliyoandikwa na mtu, isiguswe.

Na filta ifuate anwani ya anayetuma, isifuate neno. Wenye Gmail wana njia nyingine nzuri: unaongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina lako, kabla ya ile alama ya @. Ukijisajili mahali unaandika jina+zabuni, barua inakufikia vilevile, na filta inaangalia hiyo anwani. Akija kukutumia mtu usiyemjua kwa anwani hiyo, unajua nani aliyeigawa.

#17 Mmasasi_Halisi

Narudi na ushahidi wangu. Mwaka 2011 watafiti wa IBM waliwafuatilia watumiaji 345 wanavyozitafuta barua zao za zamani. Aliyetumia kisanduku cha kutafuta alichukua kama sekunde 17, aliyepekua folda kama sekunde 58. Na waliopanga folda nyingi hawakuwa na mafanikio zaidi ya wasiopanga. Sasa hizo 43 za nini?

#18 Mwl_Nachingwea

Mkuu wa Masasi, sina ugomvi na watafiti. Ila naomba uniambie hao 345 walikuwa wanatafuta kwa lugha gani.

Kiswahili maneno yake yanabadilika mbele. Ukiandika «lipa» unataka pia malipo, nimelipa, hatujalipwa, mlipaji. Ukiandika «mnada» unataka na minada. Mifumo mingi inatafuta neno zima, na ikijua kulegeza neno imefundishwa kulegeza mwisho wake kwa Kiingereza, siyo mwanzo wake kwa Kiswahili. Nimetafuta «kikao» nikakosa barua iliyosema vikao, na ilikuwa mbele yangu. Kwa sisi tunaoandikiana Kiswahili, folda bado zina kazi.

#19 KijanaNewala

Mwalimu, nyongeza ndogo. Ni kweli kwa Gmail, inatafuta neno zima. Lakini Thunderbird ile sehemu ya kuchuja haraka juu ya orodha inaangalia herufi popote zilipo. Ukiandika «kontena» inaleta na makontena. Dada, tafuta kwa hiyo.

#20 Mwl_Nachingwea

Asante kijana, na hapo umenikumbusha kisa.

Shule niliyokuwa kabla ya hapa tulikuwa na anwani ya pamoja, Thunderbird hiyohiyo. Mhasibu alitengeneza filta: kichwa cha habari kikiwa na «ada», peleka folda ya Ada. Alitaka wazazi wanaouliza ada za watoto. Baada ya muhula mmoja tukashangaa taarifa hazifiki. Filta ilikuwa inafuata herufi, haijui neno. Kwenye «baada» kuna ada. Kwenye «madawati» imo. Kwenye «madaraka» imo. Kwenye «mnada» imo. Barua ya «Mkutano baada ya mitihani» ilikuwa inakwenda kwenye folda ya ada, na mhasibu akiona siyo ya fedha anaipita.

#21 Mikindani_Pwani

«Mnada» imo ada. Sijawahi kuliona hilo maisha yangu yote na nimezaliwa katikati ya minada.

#22 Karani_Shangani

Mwalimu subiri kidogo.

#23 Nahodha_KilwaMasoko

Nimesoma uzi wote toka juu. Mbona hakuna aliyetaja mtandao? Mwaka 2024 intaneti ilizima nchi nzima, kebo za baharini zilikatika. Barua si zilipotea hapo?

#24 FundiLigula

Nahodha, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika tarehe 12 Mei 2024, wiki moja hivi baada ya kimbunga Hidaya kutupitia. Dada anasema Novemba, mnada wa korosho umechanganya. Hata hivyo mtandao ukikatika barua haipotei. Seva inayotuma inaishikilia na kujaribu tena, kwa kawaida siku nne au tano, na ikishindwa inamrudishia aliyetuma taarifa. Wakala hakusema amerudishiwa.

#25 Nahodha_KilwaMasoko

Nimeelewa fundi. Ile Mei niliichanganya kwa sababu na barabara ya Somanga ilikuwa imekatika, tulikaa kama kisiwani.

#26 Mhasibu_Lindi

Kimbunga kile tusikikumbushe, nilipoteza paa la stoo.

Nirudi kwenye filta. Kuna kitu fundi hajakisema, mpangilio wa sheria. Kwenye Outlook zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na unaweza kuweka tiki ya kusimama hapo sheria ikishatimia. Usipoiweka, barua inashikwa na sheria ya kwanza, halafu ya tano nayo inaishika. Nimeona barua moja imenakiliwa folda tatu. Nadhani na Gmail ni hivyohivyo.

#27 FundiLigula

Gmail hapana mkuu. Kule hakuna wa kwanza wala wa mwisho, filta zote zinazoihusu barua zinatenda pamoja. Ndiyo maana ukiwa na moja inayosema «iondoe kikashani», yaani inboksi, nyingine ikiweka lebo ya Muhimu haiirudishi. Lebo itakuwepo, ila kikashani hutaiona. Na kumbuka programu ya Gmail ya simu haitengenezi filta, lazima uende kwenye kivinjari cha kompyuta.

#28 Mmasasi_Halisi

Gmail yenyewe ilipoanza 2006 walisema usifute kitu, tafuta tu. Walikuwa wanaona mbali.

#29 KijanaNewala

Ilianza 2004, kaka. Tarehe 1 Aprili, ikiwa na GB 1, na watu wengi walidhani ni utani wa siku hiyo. Zile kurasa za Msingi, Kijamii na Matangazo zilikuja 2013. Hizo nazo ni filta, tofauti ni kwamba hukuzitengeneza wewe. Dada mmoja tunayesoma naye barua ya mkopo aliikuta kwenye Matangazo.

#30 Mikindani_Pwani

Swali la pembeni. Tunasema filta, filta. Kiswahili chake ni nini? Kichujio? Kichungi? Chujio mimi naliona la tui.

#31 Mwl_Nachingwea

Kichujio kinakubalika. Lakini kichujio kinaacha machicha na kupitisha tui, unataka kimoja na unatupa kingine. Hii kazi ya barua inafanana zaidi na chekeche. Chekeche la unga linagawa, laini huku na makapi huku, na yote unayaona.

#32 BiMasijala

Sisi kwenye ufuta tunatumia ungo. Mwenye ungo anaangalia kinachoruka. Akigeuza uso kidogo, ufuta unaondoka na makapi.

#33 KijanaNewala

Mwalimu umelenga bila kujua. Ipo lugha maalumu ya kuandikia filta zinazokaa kwenye seva yenyewe, jina lake Sieve, na maana yake ni hiyohiyo chekeche. Kiwango chake cha kwanza kilitoka 2001, kikaandikwa upya 2008. Kampuni nyingi zinazohifadhi barua zinaiweka nyuma ya ukurasa wa filta. Faida yake ni kwamba inachuja barua ikiingia tu, kompyuta yako iwe imewashwa au imezimwa, na simu na kompyuta zinaona kitu kimoja. Dada Karani, hamishia zako huko.

#34 Karani_Shangani

Nimerudi, mniwie radhi kwa kimya. Nimekaa ofisini mpaka sasa.

Mwalimu, filta ipo. Ya aliyenitangulia, namba 4 kwenye orodha: kichwa cha habari kikiwa na «ada», hamishia folda ya Ada, kwenye folda za ndani ya kompyuta kama fundi alivyosema. Nadhani alitaka ada za leseni. Sikuwahi kuifungua folda hiyo kwa sababu leseni zinashughulikiwa na bosi. Ina barua 212 ambazo hazijasomwa. Nyingi ni za mnada.

Ya wakala haimo. Nimeangalia mara tatu, nimechuja haraka kwa «meli», «kontena», kwa jina lake. Haimo.

#35 FundiLigula

Pole dada. Basi imeshikwa na nyingine, na mimi bado nasimama na folda za ndani. Uliwahi kubana folda au kuhamisha faili za Thunderbird tangu Novemba?

#36 Karani_Shangani

Januari diski ilijaa, fundi mwingine alikuja «kusafisha». Sijui alifuta nini.

#37 FundiLigula

Hapo nisiseme zaidi.

#38 Mikindani_Pwani

Mimi bado ni taka za seva. Novemba iliingia huko, Desemba ikafutwa yenyewe.

#39 Mhasibu_Lindi

Mimi nina la tatu. Muombe wakala akuonyeshe barua yenyewe aliyotuma, siyo kukuambia tu, na usome anwani herufi kwa herufi. Ukianza kuandika jina, programu inajijazia anwani iliyozoea. Kama aliyekutangulia alikuwa na anwani yake binafsi aliyowahi kumwandikia nayo wakala, barua inaweza kuwa imekwenda kwake, na huko haisomwi na mtu.

#40 KijanaNewala

Na msiliondoe langu. Hakuna sheria leo haina maana Novemba haikuwepo. Nywila ilikuwa ya zamani, wangapi waliijua?

#41 BiMasijala

Binti, waombe wenye seva wakupe kumbukumbu ya barua zilizopokelewa siku hiyo. Hiyo ndiyo rejista yao. Kama hawaitunzi muda mrefu hivyo watakwambia, lakini uliza kwa maandishi na uweke nakala.

#42 Karani_Shangani

Nimewaandikia mama. Wakala pia nimemuomba nakala yenye anwani.

Kwa sasa nimezima filta zote 17. Nimeacha moja, ya majarida. Ya Ada nimeifuta kabisa. Barua 212 nimezirudisha inboksi nazisoma kuanzia ya zamani, na rejista nimefungua kwenye daftari, tarehe na aliyetuma.

#43 Mmasasi_Halisi

Saa nne usiku hii dada, nenda nyumbani. Kesho zipo.

#44 Karani_Shangani

Nimefika ya 38. Ni ya chama kimoja cha msingi, ya Oktoba, kichwa cha habari «Upungufu wa kilo mnada wa kwanza». Wanasema magunia yao yalipimwa pungufu na wanaomba yapimwe upya mbele yao kabla mzigo haujatoka. Wameandika tena mara mbili, ya 51 na ya 90. Mzigo ulishatoka.

Stakabadhi za ghala za siku ile ninazo kabatini, na karatasi za mzani. Nimempigia katibu wao sasa hivi, alikuwa amelala. Anakuja kesho asubuhi na gari la kwanza kutoka Newala.